Kutoka kwa Edison hadi dubu wa intaneti: historia ya mashine za kumlaza mtoto

Leo tuziache seva zipumzike. Nataka tuzungumzie mashine ambayo kazi yake ukiisikia unaona ni ndogo mno: kumsaidia mtoto mdogo apate usingizi. Sisi waandishi wa programu tukisikia tatizo kama hili vidole vinaanza kuwasha. Mara moja tunawaza maikrofoni ya kusikiliza kilio, chipu ya Wi-Fi, programu kwenye simu ya mzazi, na siku hizi akili bandia itakayomtungia mtoto hadithi mpya kila usiku. Lakini wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa msimbo, tuwaulize waliotutangulia: walijaribu nini, kipi kilifaulu, na kipi kiliwatokea puani?

Historia yenyewe ni ndefu kuliko unavyodhani. Ilianza kabla ya transista, kabla ya redio, na hata kabla ya reli kufika Nairobi.

Mwanasesere wa Edison, 1890

Thomas Edison alivumbua fonografu mwaka 1877. Miaka 13 baadaye kampuni yake ilileta sokoni mwanasesere anayesema. Alikuwa na urefu wa sentimita 56 hivi, kiwiliwili cha chuma na kichwa cha kauri, na ndani ya tumbo lake kulikuwa na fonografu ndogo yenye santuri ya nta. Mtoto alizungusha mkono mdogo uliotokeza mgongoni, na mwanasesere akakariri shairi fupi la watoto. Mmoja wao alikariri sala ambayo watoto wa Marekani huisema kabla ya kulala. Kwa hiyo naweza kusema huyu ndiye babu wa vichezeo vyote vya usingizi tunavyoviona madukani leo.

Wakati huo hapakuwa na njia ya kunakili santuri kwa wingi. Kila mwanasesere alirekodiwa peke yake! Wasichana waliajiriwa kukaa mbele ya mashine na kurudia maneno yale yale siku nzima. Bei ilianza dola 10, pesa nyingi sana enzi hizo, na waliovalishwa nguo nzuri walizidi hapo.

Mauzo yalidumu wiki chache tu. Nta ilichakaa haraka, mitambo ya ndani ilikuwa dhaifu, na kwa vile mwendo ulitegemea mkono wa mtoto, sauti ilipanda na kushuka ovyo. Mwaka 2015 jumba la kumbukumbu la Edison lilitoa sauti hizo kwa umma baada ya santuri kusomwa kwa picha, bila sindano kuzigusa, kwa teknolojia iliyobuniwa katika maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley. Ukizisikiliza, tafadhali zisikilize mchana. Ni sauti kali ya mtu kama aliyefungiwa ndani ya pipa. Edison alikuwa na mashine bora kuliko yeyote duniani, na mtoto alipewa kitu cha kuogopa.

Dubu asiyesema kitu

Mwaka 1902 alizaliwa dubu wa kitambaa. Huko Brooklyn, Morris Michtom alishona dubu na kumpa jina la utani la Rais Theodore Roosevelt, baada ya gazeti kuchora kibonzo cha rais huyo akikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa. Karibu wakati huo huo kampuni ya Steiff ya Ujerumani ilitengeneza wake. Hakuwa na fonografu, hakuwa na mkono wa kuzungusha, hakusema neno. Ameishi zaidi ya karne moja na bado analala na watoto. Nenda sokoni Gikomba au Toi, utakuta marundo ya hawa dubu wa mitumba wakingoja mama wa pili au wa tatu.

Kwa nini alishinda? Jibu zuri lilitoka kwa Donald Winnicott, daktari wa watoto wa Uingereza. Mwaka 1951 alisoma mada iliyochapishwa 1953, kuhusu lile blanketi au dubu ambalo mtoto hakubali kuachana nalo. Alieleza kwamba kitu hicho humsaidia mtoto kuvuka kutoka mikononi mwa mama hadi kuwa peke yake. Akaorodhesha sifa zake, na moja inapaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya wabunifu: kitu hicho hakipaswi kubadilika kamwe, isipokuwa mtoto mwenyewe akibadilishe. Ndiyo maana mama akifua lile blanketi linalonuka, vita huzuka nyumbani.

Sasa fikiria sisi tunaopenda kutuma sasisho la programu usiku wa manane. Dubu aliyelala jana akiwa na sauti moja anaamka leo akiwa na sauti nyingine. Kwetu hilo ni toleo jipya. Kwa mtoto wa miaka miwili, rafiki yake ameondoka na amerudi mtu mwingine.

Sikio chumbani

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1937. Kampuni ya redio ya Zenith ilitoa kifaa kilichoitwa Radio Nurse. Mkuu wa kampuni, Eugene McDonald, alikuwa na hofu ya watoto kuibwa, kwani Marekani ilikuwa bado haijasahau kisa cha mwaka 1932 cha mtoto wa rubani Charles Lindbergh. Sehemu moja ya kifaa iliwekwa karibu na kitanda cha mtoto, ya pili chumbani mwa wazazi, na sauti ilisafiri kupitia nyaya za stima za nyumba. Umbo la sehemu ya kusikilizia lilibuniwa na mchongaji mashuhuri Isamu Noguchi, na leo limo katika makumbusho ya sanaa.

Kiufundi kilikuwa na tatizo ambalo utalikuta tena mbele ya safari: nyaya hazijui mipaka. Mzazi aliyetaka kusikia pumzi za mwanawe alinasa pia matangazo ya watu wengine. Hakikuuzika sana, lakini wazo lilibaki. Tangu siku hiyo chumba cha mtoto kikawa mahali panapoweza kuwekwa sikio la mashine.

Moyo wa mama na kelele za feni

Wanasayansi nao wakaingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasaikolojia Lee Salk, ndugu yake Jonas Salk wa chanjo ya polio, aliwachezea watoto wachanga hospitalini New York sauti ya moyo wa mtu mzima ukipiga mara 72 kwa dakika. Aliripoti kuwa walilia kidogo na kuongeza uzito zaidi kuliko wenzao. Waliorudia majaribio hayo baadaye waliona kwamba moyo hauna uchawi wa pekee: sauti nyingine za kujirudia, hata ya kifaa cha kuhesabia mapigo ya muziki, zilituliza vile vile. Kinachotuliza ni ule mdundo usiobadilika.

Mama zetu hawakungoja jaribio hilo. Mtoto akifungwa mgongoni kwa leso, huku mama akitembea na kuimba kwa sauti ya chini, amepata mdundo, joto na mtikisiko kwa pamoja.

Biashara ilifuata. Mwaka 1962 James Buckwalter wa Marekani alianza kuuza Sleep-Mate, feni ndogo ndani ya kisanduku, kazi yake kelele tu. Mwaka 1974 daktari Hajime Murooka wa Japani alitoa santuri ya sauti zilizorekodiwa ndani ya tumbo la mama mjamzito. Mwaka 1990 watafiti huko London walijaribu kelele za namna ya feni kwa watoto wachanga 40 waliogawanywa makundi mawili sawa. Waliochezewa kelele, 16 kati ya 20 walilala ndani ya dakika 5. Waliobaki kimya, 5 kati ya 20.

Matokeo mazuri, sivyo? Ila subiri mwaka 2014. Watafiti huko Toronto walipima mashine 14 za kelele za watoto zikiwa zimefunguliwa sauti yote. Zote 14 zilipita desibeli 50, kiwango kinachopendekezwa kwa wodi za watoto wachanga, zikiwa sentimita 30 na hata sentimita 100 kutoka kwa mtoto. Mashine 3 zilipita desibeli 85 kwa sentimita 30. Desibeli 85 ndicho kikomo ambacho taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, inampendekezea mtu mzima kwa zamu ya saa 8. Yaani kifaa cha kubembeleza kiliweza kumpa mtoto kelele za kiwandani usiku kucha, kwa sababu tu mbunifu aliacha kitufe cha sauti kifike kilipotaka kufika.

Dubu mwenye kaseti

Mwaka 1982 kampuni ya Hasbro ilitoa Glo Worm, mdudu laini wa kitambaa. Ukimbana tumbo, uso wake unang'aa taratibu. Betri, balbu, swichi, basi. Matoleo ya baadaye yakaongezewa nyimbo. Kwa maoni yangu huyu ndiye mbunifu aliyeelewa kazi: mtoto mwenyewe ndiye anayeamua mwanga uje, na mwanga wenyewe ni hafifu.

Kisha mwaka 1985 akaja Teddy Ruxpin, kazi ya Ken Forsse na kampuni ya Worlds of Wonder. Kwa fundi ni raha kumfungua huyu. Mgongoni ana kicheza kaseti. Kaseti ya kawaida ya stereo ina njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Forsse alitumia njia moja kubeba hadithi, na nyingine kubeba ishara za kuendesha mota za macho na mdomo. Kwa hiyo mdomo ulifuata maneno bila tarakilishi yoyote ya maana ndani. Ukimwekea kaseti yako ya muziki, anaimba lakini mdomo haufunguki. Aliongoza kwa mauzo Marekani, kisha mwishoni mwa 1987 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Mwaka huo huo wa 1985 daktari Richard Ferber wa Boston alitoa kitabu kuhusu usingizi wa watoto. Wazazi wamekigombania hadi leo, hasa juu ya kumwacha mtoto alie, na ugomvi huo siuingilii. Lakini hoja yake moja inamhusu kila mbunifu. Kila binadamu huamka kidogo mara kadhaa usiku, kati ya mzunguko mmoja wa usingizi na mwingine, akageuka na kulala tena. Mtoto akiamka hivyo hutafuta mambo yaliyokuwepo alipolala. Akikuta yamebadilika, anaamka kabisa na kulia. Ni kama wewe usinzie kwenye matatu ikienda, uamke ukute imesimama gizani na abiria wote wameshuka.

Hapa ndipo kuna fumbo la kiufundi. Dubu akiimba mpaka mtoto alale kisha anyamaze, mtoto akiamka saa 8 usiku anakuta kimya ambacho hakukilalia. Dubu akiimba usiku kucha, tumerudi kwenye desibeli za Toronto. Dubu akisikiliza na kuanza tena kila mtoto akilia, tumemfunza mtoto kwamba hawezi kulala bila mashine. Tafadhali lishike fumbo hili, nitalirudia.

Furby, mtuhumiwa asiye na hatia

Mwaka 1998 kampuni ya Tiger Electronics ilileta Furby, kiumbe mwenye manyoya kilichobuniwa na Dave Hampton na Caleb Chung. Alikuwa na kihisi mwanga, akiwekwa gizani na kuachwa peke yake alisinzia. Hakuwa na swichi ya kuzima. Mzazi aliyetaka kimya cha uhakika ilibidi atafute bisibisi na kutoa betri.

Januari 1999 habari zilienea kwamba shirika la ujasusi la NSA limepiga marufuku Furby katika ofisi zake, kwa hofu kwamba anarekodi mazungumzo. Hakuwa na uwezo huo kabisa! Miaka mingi baadaye msimbo wake uliwekwa hadharani kutoka kwenye nyaraka za hakimiliki ya uvumbuzi: lugha ya asembli ya jamii ya chipu 6502, ile ile familia iliyoendesha Apple II. Maneno ambayo watu walidhani Furby amejifunza kwao yalikuwa yamehifadhiwa ndani yake tangu kiwandani.

Majasusi walimwogopa mwanasesere asiyeweza kurekodi. Waliokuja baadaye waliweza, na wazazi wakawaingiza chumbani kwa mikono yao.

Intaneti yaingia kitandani

Novemba 2015 kampuni ya VTech ilidukuliwa: akaunti za wazazi karibu milioni 4.8 na maelezo ya watoto zaidi ya milioni 6. Februari 2017 mamlaka ya mawasiliano ya Ujerumani, Bundesnetzagentur, ilimpiga marufuku mwanasesere My Friend Cayla kama kifaa cha siri cha upelelezi. Bluetooth yake haikuomba nambari yoyote ya siri, na aliye karibu angeweza kujiunga naye. Wazazi waliambiwa wamharibu.

Mwezi huo huo yakafichuka ya CloudPets, na hapa nasimama kidogo kwa sababu wazo lenyewe lilikuwa zuri. Mzazi aliye safarini anasema maneno kwenye simu, dubu nyumbani anayatamka, mtoto anabonyeza na kujibu. Mtafiti wa usalama Troy Hunt alieleza yaliyokuwa nyuma ya pazia. Hifadhidata ya MongoDB ilikuwa wazi kwenye intaneti bila nywila. Ndani yake kulikuwa na akaunti zaidi ya 800,000, zikielekeza kwenye ujumbe wa sauti zaidi ya milioni 2. Nywila za watumiaji zilikuwa zimesimbwa kwa bcrypt, jambo jema, lakini mfumo ulikubali hata nywila ya herufi moja. Faili za sauti nazo zilifunguka kwa yeyote aliyejua anwani yake. Mwaka 2018 maduka makubwa ya Marekani kama Walmart na Target yaliacha kuwauza.

Mwaka 2017 pia Mattel ilitangaza Aristotle, kifaa cha chumba cha mtoto chenye kamera na maikrofoni. Mtoto akilia usiku, chenyewe kingetambua kilio, kiwashe mwanga laini na kuimba. Wazazi, madaktari na wabunge wawili wa Marekani waliuliza maswali, na Oktoba 2017 kampuni ikakifuta kabla hakijauzwa. Wengi walizungumzia kamera. Mimi nakumbuka zaidi swali jingine: mtoto akilia usiku, nani anapaswa kuja?

Na hivi karibuni, Novemba 2025, shirika la watetezi wa wateja la PIRG la Marekani lilipima vichezeo vya akili bandia. Dubu mmoja aitwaye Kumma, wa kampuni ya FoloToy, alieleza mahali pa kupata vibiriti nyumbani, na mazungumzo yakirefuka aliingia mambo ya ngono. Kampuni ilisimamisha mauzo kwa muda. Mashine iliyofunzwa kuendeleza mazungumzo haijui kusema "lala sasa".

Dubu ninayemtengeneza

Historia hii naisoma kwa sababu nina kazi mezani. Dada yangu ni muuguzi. Wiki za zamu ya usiku mwanawe wa miaka miwili na nusu hulazwa na nyanya yake, na dada aliniomba dubu atakayemwimbia mtoto kwa sauti yake yeye mama. Ni kile kile walichotaka wazazi wa CloudPets. Kwa hiyo siwezi kuwacheka.

Haya ndiyo maamuzi yangu, na kila moja lina deni kwa mtu niliyemtaja.

Kwanza, hana redio ya aina yoyote. Chipu ni ATmega328P, yenye kilobaiti 32 za kuhifadhi msimbo, bila Wi-Fi wala Bluetooth. Sauti ya dada inaingia kwa kadi ya kumbukumbu, ambayo mtu mzima huichomeka kwa mkono ndani ya zipu iliyoshonwa mgongoni. Hakuna sasisho la usiku. Winnicott atafurahi.

Pili, hana maikrofoni. Wenzangu kazini wananiuliza: sasa atajuaje kama mtoto amelala? Hatajua. Hilo ni jukumu la nyanya. Na kuna sababu nyingine ya kwetu. Vichezeo hapa havifi, vinahama. Dubu wa leo kesho atapewa jirani, keshokutwa atakuwa kwenye rundo la mitumba. Akiwa amehifadhi sauti ya mtoto, ataiuza pamoja na manyoya. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kuchakata data ya mtoto, na si maneno matupu: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo. Njia rahisi kabisa ya kuitii ni kutokusanya chochote. Kadi yenye sauti ya mama, dubu akihama, inatolewa na kubaki nyumbani.

Tatu, sauti imewekewa kikomo kwa rezista kwenye waya wa spika. Msimbo unaweza kukosea, na mtu mwingine anaweza kuubadilisha. Rezista haibishani. Nimepima kwa sentimita 30, wala si kwa mita mbili.

Nne, mwanga ni wa rangi ya chungwa iliyofifia, na huzimika pamoja na wimbo. Mwaka 2018 watafiti wa Colorado waliwapa watoto 10 wa miaka 3 hadi 5 saa moja ya mwanga mkali kabla ya kulala. Homoni ya usingizi, melatonini, ilipungua kwa karibu asilimia 88. Taa nyeupe ya buluu kwenye tumbo la dubu ingekuwa kama kumwambia mtoto kumekucha.

Tano, betri ni 3 za ukubwa wa AA nyuma ya kifuniko cha skrubu. Zile bapa ndogo kama kitufe sizitaki karibu na mtoto, maana zikimezwa zinaunguza koo kwa saa chache. Na dubu huyu si wa mtoto mchanga. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasisitiza kwamba mtoto chini ya mwaka mmoja alale chali, bila mto wala kitu laini chochote kitandani. Kwa umri huo dubu akae juu ya kabati.

Sita, lile fumbo la Ferber. Nimelizungusha kichwani wiki nyingi, na suluhisho nililolikubali ni hili: dubu anyamaze kabla mtoto hajalala. Mtoto akibonyeza tumbo, wimbo unapigwa dakika 8, kisha sauti inashuka hatua kwa hatua kwa dakika 4 hadi sifuri. Mtoto anabaki macho kidogo, gizani, kimya, na dubu wa kawaida mkononi. Usingizi unamkuta katika hali hiyo. Akiamka saa 8 usiku, anakuta kila kitu kama alivyokiacha: giza, kimya, dubu. Akibonyeza tena jioni hiyo anapata wimbo mara moja zaidi, baada ya hapo dubu hajibu kwa saa 8.

Msimbo wote haufiki mistari 200. Mfanyakazi mwenzangu mmoja ameusoma akacheka, akaniuliza huo uerevu uko wapi basi. Swali la haki. Nilimwonyesha mstari wa mwisho, unaokata umeme wa spika na kuipeleka chipu katika hali yake ya usingizi. Chipu hutumia umeme mchache sana ikiwa hivyo, na betri zinadumu.

Bado kuna jambo moja sijaliamua, na nawaombeni ushauri ninyi mlio na watoto. Dada anataka wimbo mmoja tu, ule ule kila usiku. Nyanya anataka ziwe tatu, asichoke kuusikia. Mtoto hajaulizwa. Nyumbani kwenu ilikuwaje?